Rangi ya Njano Kwenye Nati za Verlyn

"Umeniua!" Ardis alipiga kelele kutoka mtaroni. "Umeniua, Verlyn Skogstad! Na kabla hujaniua umenirusha angani kama gunia la mbolea, na kabla sijatua umenichagulia maji ya barafu nikatulie humo! Miaka thelathini na minne nakaa nyuma yako, sijawahi hata siku moja kukuuliza tunakwenda wapi. Leo ndio umenionyesha. Kumbe safari yote ilikuwa ya kaburini!"

"Hujafa," alisema Verlyn.

"Nani kakwambia?"

"Maiti hawana kelele hizo."

Ardis alikuwa amekaa kwenye maji mpaka kiunoni, katikati ya matete makavu ya mwaka jana, na helmeti yake yenye maua bado iko kichwani. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano, kule Norvald kaskazini mwa Wisconsin, theluji inakuwa bado imejibanza chini ya misonobari. Maji ya mtaroni ni theluji hiyohiyo, imebadilisha nguo tu. Meno ya Ardis yalikuwa yanagongana, lakini ulimi haukupata shida yoyote.

"Na viazi vyangu je? Nimeamka saa kumi na moja alfajiri kuoka viazi vya watu sitini. Viko wapi?"

Watu wote wakageuka kutazama barabara. Bakuli lilikuwa limechomoka kwenye mkoba wa pembeni, likaendelea na safari peke yake hatua ishirini mbele ya mwenye pikipiki. Viazi, jibini na nyama ya kusaga vilikuwa vimetandazwa juu ya lami kwa ustadi, utadhani mtu kaagizwa. Kunguru wawili walishapata habari.

"Vipo," Verlyn akasema.

Alikuwa amesimama kwenye maji ya magoti, mikono ameiacha wazi kama mtu aliyedondosha mtoto. Nyuma yao pikipiki arobaini zilikuwa zimesimama mbili mbili, injini zinazimwa moja baada ya nyingine, mpaka pakabaki kimya cha kusikia maji yanavyodondoka kwenye suruali yake. Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo Verlyn alipoanza kuogopa. Watu wa Norvald wanacheka mtu akiteleza kwenye barafu. Wanacheka lori la mtu likipasua barafu na kuzama ziwani mwezi wa tatu, na mwenyewe akiwa juu ya paa lake anapunga mkono. Leo walikuwa midomo wazi kama samaki kwenye ndoo. Kwa sababu aliyeanguka siyo mtu. Aliyeanguka ni Verlyn.

Ilivyotokea ni hivi. Wametoka kanisani, wamebarikiwa, pikipiki zinang'aa, wanazunguka ziwa kama kila mwaka, halafu warudi kula. Verlyn mbele, kama kila mwaka. Hawajamaliza hata maili mbili, akasikia mkia wa pikipiki unacheza kama samaki aliyeshikwa vibaya. Kikalia kitu, *kang!* Mnyororo ukaruka, gurudumu la nyuma likalala upande. Akafanya kile alichowafundisha wengine wote: usiguse breki, achia mafuta, tafuta pahali laini pa kuangukia. Pahali laini palikuwa pale mtaroni.

"Shimo," alisema sasa, akivua helmeti. "Barabara hii baada ya baridi inakuwa na mashimo ya ajabu."

Watu wakaitazama barabara. Ilikuwa imetiwa lami mpya vuli iliyopita. Ungeweza kuvingirisha yai juu yake mpaka mjini.

"Shimo gani?" aliuliza Ardis. "Nionyeshe hilo shimo nikuzike humo."

*

Huyu Verlyn ana miaka sitini na tatu. Thelathini ya hiyo aliendesha lori la maziwa, akipita kwenye mabanda ya ng'ombe kabla ng'ombe wenyewe hawajaamka vizuri. Lakini ukienda Norvald ukauliza Verlyn wa maziwa, watakutazama tu. Uliza Verlyn wa rangi, utasindikizwa mpaka mlangoni.

Pikipiki ya kwanza aliipata akiwa na miaka kumi na saba, akaipenda kiasi cha kuisugua kila Jumamosi mpaka ungeweza kujinyolea kwenye tangi lake. Kitu alichosahau ni kuangalia oili. Injini ikagandana njia ya kwenda Duluth, akatembea maili kumi na moja na viatu vipya. Akajifunza kwamba farasi akiwa na kiu atapiga kelele, na ng'ombe vilevile, lakini pikipiki inanyamaza. Inakufa na adabu zake, halafu inakuachia wewe mwendo wa miguu.

Mwaka mwingine aliitoa bandani baada ya baridi, akaiwasha, ikakohoa moshi unaonuka nywele zilizoungua. Kumbe panya alikuwa amepanga ndani ya boksi la chujio la hewa tangu mwezi wa kumi na moja, akaleta na familia. Verlyn alisikitika wiki nzima. Siyo kwa ajili ya pikipiki, kwa ajili ya panya. Tangu hapo, kabla ya theluji ya kwanza anaziba kila tundu, na kila mtu wa Norvald anaziba, kwa sababu Verlyn alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuwaambia.

Orrin Budzik, mfugaji wa ng'ombe mwenye tumbo la kutangulia na mdomo unaolifuata, yeye hakusikia. Huyu aliwahi kutia kwenye pikipiki oili ya gari, kisa galoni lilikuwa limekaa tu ghalani. Oili ya gari ina utelezi ambao klachi ya pikipiki haiutaki. Siku ile kwenye kilima cha kanisa injini ya Orrin iliimba kama kwaya ya Krismasi, na pikipiki ikabaki palepale. Trekta lenye marobota ya nyasi likampita. Mwenye trekta alikuwa mama yake.

Hayo yote yalikuwa masomo ya kuchekwa. Moja halikuwa hivyo.

Verlyn alikuwa na kaka yake, Harlan. Majira ya joto ya mwaka tisini na moja walibadilisha tairi la nyuma la pikipiki ya Harlan pamoja, bia mkononi, redio inatangaza mpira. Harlan akaondoka nayo. Karibu na daraja nati ya ekseli ikatoka, gurudumu likamwacha, mguu ukavunjika pahali pawili. Verlyn alipofika hospitalini, Harlan alimtazama kutoka kitandani akasema, "Nilidhani umeikaza wewe."

Verlyn akasema, "Na mimi nilidhani wewe."

Basi. Hawakugombana. Harlan aliinuka na kilema chake, akaoa, akazaa, akaendesha tena pikipiki ileile. Lakini Verlyn akimwona anachechemea kwenda kwenye sanduku la barua, yale maneno yalikuwa yanarudi. Nilidhani wewe. Akaenda kununua kalamu ya rangi, njano, ya kuandikia kwenye chuma. Akajitungia sheria: unakaza nati kwa spana ya kipimo, ile inayolia *tak* ukifika panapotakiwa, na ukishasikia *tak* unapiga mchirizi wa njano kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma cha jirani. Nati ikisogea unyuzi mmoja, mchirizi unakatika, na kipofu atauona. "Rangi haikazi kitu," alikuwa anawaambia watu. "Rangi ni shahidi tu. Na shahidi anakuja baada ya tukio, haji kabla."

Sheria ikawa desturi. Kila mwezi wa nne, barafu ikianza kupasuka ziwani, watu wa Norvald wanapeleka pikipiki zao kwa Verlyn. Wanaiita Wiki ya Rangi, ingawa inachukua wiki tatu. Hapokei hela. Anapokea pai za tufaha, soseji za paa na maneno ya umbea. Siku ya baraka wanapanga pikipiki uani kwa kanisa, na Mchungaji Lindahl, mama mwembamba, anapita na ndoo ya maji na tawi la msonobari. Kabla hajanyunyiza anainama kutazama kama kuna njano. Hakuna njano, hakuna maji. Mwaka mmoja alimruka mkwe wake mwenyewe.

Watu wakawa wanaendesha raha mustarehe. Miaka thelathini hakuna aliyenunua spana ya kipimo, ya nini? Verlyn yupo.

*

Maren ndiye aliyemtoa Ardis mtaroni. Maren ni binti wa Harlan, ana miaka ishirini na sita, ni muuguzi, na ana mikono ya kuuguza, haiombi ruhusa. Alimkalisha Ardis kando ya barabara, akamvua jaketi lililolowa, akamvisha lake, akakunja mkono wake wa kushoto huku na huku.

"Unauma hapa, Anti?"

"Unauma kote. Mumeo akikuua unauma kote."

"Umeteguka. Haujavunjika."

"Andika umevunjika. Nataka ushahidi."

Hapo Orrin Budzik akaja anatembea kutoka kwenye pikipiki yake, iliyokuwa ya pili kwenye msafara. Taa yake ya mbele ilikuwa imepasuka kioo. Mkononi ameshika kitu kidogo, na usoni bado ana lile tabasamu lake la siku zote, kwa kuwa alikuwa hajakitazama vizuri.

"Mzee wa rangi," alisema, "mimi nimekukosea nini? Naendesha zangu kwa heshima, nakuona unanirushia jiwe. Nikasema leo Verlyn kanikumbuka. Nimelifuata kwenye nyasi nikutupie na wewe." Akafungua kiganja. "Ila siyo jiwe..."

Tabasamu likabaki pale usoni kidogo, halina kazi, halafu likaondoka.

Ilikuwa nati ya ekseli ya nyuma. Kwenye ubavu wake mmoja palikuwa na alama ya njano.

Verlyn aliichukua. Akaigeuza. Nyuzi zake za ndani zilikuwa safi, nzima, kama siku ilipotoka kiwandani. Kulikuwa na neno alilotaka kulisema kuhusu chuma cha siku hizi, akalimeza. Akarudi kwenye maji, akainama kwenye pikipiki yake iliyolala kama ng'ombe anayeumwa, akaufuta matope ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Nusu nyingine ya mchirizi ilikuwa pale. Njano juu ya nyeusi. Rangi nyeusi aliipaka mwenyewe mwezi wa pili, kwa brashi, akiwa hana cha kufanya.

Na hii nyeusi ilikuwa nzima. Nati iliyokazwa kweli inang'ata. Inaacha duara kwenye rangi, inaikwangua mpaka chuma kinaonekana. Hapa hapakuwa na duara. Palikuwa palaini kama shavu la mtoto.

"Unaangalia nini?" Ardis aliita kutoka barabarani.

"Hakuna."

"Verlyn."

"Huenda nyuzi za nati..."

"Verlyn. Nimekaa na wewe tangu una nywele. Sijakuuliza habari za nyuzi." Ardis alisimama, jaketi la Maren limemfika mapajani, maji yanamtoka kwenye buti. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na wanaomjua Ardis wanajua kelele zake ni upepo tu. Ogopa akiongea polepole. "Ulikaza ukapaka, au ulipaka kwanza?"

Verlyn aliitazama nati kiganjani. Jumanne ile alipofunga gurudumu hilo aliikumbuka vizuri sana, na kumbukumbu yenyewe ilimshangaza jinsi ilivyo kamili. Gurudumu ameliweka. Nati ameizungusha kwa vidole mpaka ikagusa. Kalamu ilikuwa mkononi, akapiga mchirizi. Akanyoosha mkono kuchukua spana. Ardis akaita kutoka mlangoni, supu inapoa. Akaenda. Supu ilikuwa ya kuku. Aliporudi aliona njano, akasema moyoni, hii tayari.

"Nilipaka kwanza," alisema.

Orrin alicheka, kicheko kifupi, cha kutojua afanye nini na mdomo wake. "Kinyozi hajinyoi, walisema. Wa kwetu kajinyoa leo, kajikata. Basi, mara moja katika maisha, nani hajawahi..."

"Siyo mara moja," alisema Verlyn.

Hakuna aliyemlazimisha kusema. Angeweza kunyamaza, na watu wangemhurumia, wangemkokotea pikipiki mpaka nyumbani na kumletea pai. Lakini alikuwa mtu wa kufundisha, na mtu wa kufundisha ukimwuliza anajibu, hata jibu likiwa la kujinyonga.

"Tangu baridi tuliyomzika Harlan," alisema. "Nilianza kusahau. Naingia gereji, nasimama, sijui nimefika bolti ya ngapi. Nikaona nipake kwanza zote, ili nijue ni zipi. Halafu nazifuata na spana, moja moja."

"Halafu unazifuata," Ardis alisema.

"Ndiyo."

"Kila mara?"

Kule nyuma mtu alidondosha helmeti, ikagonga lami, na watu arobaini wakaruka kwa pamoja.

*

Kama ungepita pale wakati ule na gari lako ungedhani wamepigwa na radi. Walisimama wanazitazama pikipiki zao kama mtu anavyomtazama mbwa wake aliyemlea miaka kumi, siku anapoona ana povu mdomoni. Wameziendesha wiki hii. Wengine wamewapakia watoto wao. Mama mmoja mwenye duka la nyuzi za kushonea alikaa chini barabarani, hivyohivyo na sketi yake ya kanisani, akaanza kusema "Jumatano nilikwenda Eau Claire, Jumatano nilikwenda Eau Claire," hakuna aliyemwuliza.

Mchungaji Lindahl alikuwa na ndoo yake bado, ameifunga nyuma ya pikipiki. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko kola.

"Mimi nimewabariki kwa kutazama rangi," alisema. "Naona njano, nanyunyiza. Nilidhani wewe umeshaangalia."

"Na mimi nilidhani..." Verlyn alianza, halafu akasikia anachotaka kusema, akafunga mdomo.

Orrin ndiye wa kwanza kupiga magoti. Mfuko wake wa vyuma ulikuwa na spana moja kubwa ya trekta, nyingine zote alimwazima jirani mwaka juzi. Akaishika, akaikaribia nati ya nyuma ya pikipiki yake kwa uangalifu, kama anayemkaribia fahali kwa nyuma.

"Jamani," alisema, na safari hii hakuwa anatania, "inakazwa kuelekea wapi?"

Miaka thelathini. Watu wazima, wenye matrekta, wenye wajukuu, mmoja aliwahi kuwa mwanajeshi, hawakuwa na uhakika nati inazungushwa upande gani, kwa sababu siku zote ilizungushwa na Verlyn. Mwishowe Maren akasema, "Kulia, Orrin," na yeye akaegemea kwa tumbo lote. Nati haikusogea. Imekazwa. Orrin aliweka paji lake la uso kwenye siti, akakaa hivyo kidogo.

Ikaanza moja baada ya nyingine. Spana ile ya trekta ikawa inapita mikononi kama kikapu cha sadaka. Watu wale hawapigi magoti kanisani, wanasema magoti yanauma, wanainamisha kichwa tu. Siku hiyo walipiga magoti watu arobaini, juu ya lami baridi, kila mtu kwenye gurudumu lake. "Yangu nzima." "Yangu pia." "Nzima." Unaona hewa inavyorudi vifuani. Hata Ardis alianza kupata rangi usoni. Verlyn alisimama kando, maji yanamchuruzika, na kila likitajwa neno "nzima" alifumba macho, kama mtu anayesomewa hukumu na hajui ina mistari mingapi.

Zamu ya Mchungaji ilipofika, alikataa spana. Alisema anataka kugusa kwanza tu. Akainama, akaweka vidole viwili kwenye nati ya nyuma, vidole vyembamba vya mwanamke wa kusoma vitabu, akazungusha.

"Inazunguka," alisema taratibu.

Watu hawakuelewa.

"Inazunguka," alisema tena, na kila mtu aliona, mchirizi wa njano umevunjika katikati, nusu moja inaondoka kuiacha nyingine, bila nguvu yoyote, kama kifuniko cha chupa ya jamu. Mchungaji aliitoa kabisa akabaki nayo kiganjani. Na yeye alikuwa anakwenda hospitali ya wilaya kila Alhamisi na pikipiki ile, kuwaombea wagonjwa.

Ardis aliziba mdomo kwa mkono ule mzima.

*

Ikabaki moja.

Pikipiki ya Maren ilikuwa ya tatu kwenye msafara, ileile ya Harlan, nyekundu iliyopauka, ina mkwaruzo wa daraja la mwaka tisini na moja ubavuni mpaka leo kwa sababu Harlan alikataa usifutwe. Ilikuwa imeshapakiwa. Hema nyuma, mfuko wa kulalia, chupa ya maji. Kesho yake alfajiri Maren alikuwa anaondoka kwenda Oregon, kwenye kazi mpya, karibu maili elfu mbili, peke yake. Norvald nzima ilimwambia apande ndege. Yeye aliwajibu kwamba Anko Verlyn ameshaikagua yote, nati kwa nati, na watu wakaacha kumsumbua.

Spana ikamfikia. Maren akaishika, akaitazama, lakini hakupiga magoti. Alimwendea baba yake mdogo pale alipokuwa.

"Anko."

"Kaza," alisema Verlyn. "Kaza zote. Usiniulize, we kaza tu."

"Nitakaza. Najua spana itaniambia." Sauti yake ilikuwa ya hospitalini, ile ya kuuliza mtu ana mzio wa dawa gani. "Nataka uniambie wewe kwanza. Ile Alhamisi nilikuja na keki. Tulikaa gereji mpaka saa kumi na mbili. Ulinikabidhi pikipiki ukasema, Maren, hii hata baba yako asingepata kosa. Ulikuwa umeikaza?"

Verlyn aliitafuta ile Alhamisi. Aliipata. Keki ilikuwa ya ndimu. Maren alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa sweta la Harlan lenye kiwiko kilichotoboka. Walimcheka Harlan, jinsi alivyokuwa anaweka nati kwenye makopo ya kahawa na kusahau kopo lipi. Walicheka mpaka Verlyn akafuta macho kwa kitambaa chenye grisi, Maren akamwonyesha kwamba sasa ana masharubu. Kalamu ilikuwa mkononi, hilo analiona. Mchirizi anauona, umenyooka, mzuri. Spana ya kipimo anaiona ukutani, inaning'inia kwenye msumari wake.

Akatafuta *tak*. Alisikiliza ndani ya kichwa chake kama anavyosikiliza injini, kichwa upande, jicho moja amelifumba. Alisikia kicheko. Alisikia redio. Alisikia mvua kidogo juu ya bati. *Tak* haikuwemo.

"Anko?"

Nati yake mwenyewe ilikuwa bado kiganjani, ameibana mpaka imemwachia alama. Aliinua macho akamtazama Maren, akaona mdomo wa Harlan, ule unaosubiri bila kulaumu. Akafungua wake, na kilichokuwa tayari kutoka ni neno lilelile, nilidhani.

Halafu akageuka. Alipita katikati ya watu waliopiga magoti, akapita viazi na kunguru, hakuvikanyaga, akashika barabara kurudi upande walikotoka. Buti zake zilikuwa zimejaa maji, kila hatua inalia chwapu, chwapu.

"Verlyn!" Ardis alimwita. "Verlyn, mtoto anakuuliza!"

Chwapu, chwapu, chwapu, mpaka kwenye kona ya misonobari.